Lori la Vita na Barua ya Mtani Wangu

Niliporudi kutoka vitani Burma nilikuja na koti la jeshi, viatu visivyoingiza maji na kichwa kisichoingiza ushauri. Injini nilijifunza jeshini, na Mungu anisamehe, niliamini kwamba toka Shinyanga hadi ziwani hapakuwa na mtu mwingine anayezijua. Mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita ukaniajiri kazi ya ufundi. Lori nililokabidhiwa, nalo lilikuwa askari mstaafu kama mimi. Wenye mgodi walikuwa wamelipaka rangi ya buluu, lakini kila lilipokwaruzwa rangi ya jeshi ilichungulia, na juu ya kichwa cha dereva lilibaki lile tundu la duara alimosimama mpiga bunduki.

Dereva wake alikuwa Mzaramo, mtu wa makamo, mpole, asiyekosa swala. Mimi ni Msukuma. Basi hatukuhitaji kujuana, maana Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani. Kila asubuhi aliniita mchunga ng'ombe aliyepotea njia, nami nilimwita mwizi. Mwizi wa kuku, mwizi wa chumvi, mwizi wa petroli. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mtani hakasiriki; asubuhi ambayo sikumtukana aliniuliza kama ninaumwa.

Barabara ya kwenda stesheni ya Shinyanga, tulikokuwa tukichukua unga na mabomba ya mgodi, ilikuwa mashimo matupu. Petroli ilirukaruka ikatoka kwenye kifuniko cha tangi, na bwana mkubwa, Mzungu aliyesimamia mgodi, akalalamika juu ya harufu. Nikakata kipande cha ngozi ya ng'ombe, duara kamili, kama tunavyotia viraka vyombo vya nyumbani, nikakikandamiza ndani ya kifuniko. Haikumwagika tena hata tone. Bwana alinisifu, nami nikajisifu zaidi, maana sifa zake hazikunitosha.

Wiki ileile lori likaanza kuugua. Liliondoka likinguruma vizuri, likaenda maili nane, kumi, kisha likakohoa, likaishiwa nguvu, likazima. Baada ya muda liliwaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Nilifungua kabureta. Nilifungua pampu. Nilisafisha plagi moja moja, nikapuliza mabomba ya petroli kwa mdomo mpaka ulimi ukafa ganzi. Karakanani liliwaka mara moja; barabarani likazima. Wachimbaji wakaanza kuniuliza kwa sauti ya huruma, "Fundi, bado?" Huruma ile iliniudhi kuliko tusi.

Siku moja dereva alinijia nikiwa chini ya lori.

"Mtani, mimi si fundi," alisema. "Lakini likizima mimi hufungua tangi, nikachovya kijiti nione kama petroli ipo. Nikishafungua tu, linawaka. Hebu tazama huko."

"Kazi yako usukani," nilimjibu bila kutoka chini. "Tangi halina injini."

Alikwenda kunawa. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limekufa siku nyingi.

Siku chache baadaye lori lilichelewa sana na wachimbaji wakakosa unga. Bwana mkubwa alikuja karakanani uso umemwiva. Aliniuliza, mbele ya watu, kwa nini jeshi lilinipa cheti cha ufundi. Mzaramo alikuwa amesimama kando. Nilitafuta la kusema, nikakuta utani uko karibu kuliko jibu.

"Bwana, mwulize huyu mwizi," nilisema. "Yeye kila maili kumi anafungua tangi. Wazaramo hawa petroli wanaifanya togwa."

Watu wote wakacheka. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, akaanza kunijibu kuhusu ng'ombe wangu. Bwana mkubwa peke yake hakucheka. Kiswahili alikijua vizuri, lakini utani hakuna aliyemfundisha.

"Ni kweli anafungua tangi njiani?" aliniuliza.

Hapo ndipo ningeweza kusema, bwana, huyu ni mtani wangu, tunataniana. Maneno hayo hayana uzito, mtoto angeyasema. Lakini niliona macho ya bwana yamenitoka mimi yamehamia kwake, nikahisi nafuu. Nafuu ile naikumbuka mpaka leo, na ndiyo inayonitia aibu kuliko yote.

"Kweli, bwana," nilisema.

Na ilikuwa kweli, neno kwa neno. Mzaramo aliacha kucheka, akanitazama akingoja niendelee. Sikuendelea. Alipojaribu kueleza habari ya kijiti, bwana alikuwa amekwisha kugeuka. Jioni ile Mzaramo alipewa barua ya kuachishwa kazi iliyosema ni mwizi wa petroli, na katika nchi ile dereva mwenye barua ya namna hiyo hakuna aliyempa hata mkokoteni.

Siku mbili baadaye, kwa kuwa dereva hakuwapo, nilishika usukani mwenyewe kwenda Shinyanga. Lori lilizima mbugani, jua la saa sita, hakuna hata kichaka. Nilitukana mpaka matusi ya jeshini yakaisha. Kisha nikafungua tangi nione petroli, na kifuniko kikanigomea. Nilipokivuta kwa nguvu tangi lilivuta pumzi, fyuu, kama mtu aliyetolewa majini. Nikakigeuza. Ngozi yangu ilikuwa imefyonzwa ikabonyea kuelekea tangini, nayo imekifunika kitundu kidogo kilichokuwa katikati ya kifuniko, kile kitundu cha kuingizia hewa ili petroli iweze kushuka. Nilikuwa nimekiziba kwa mikono yangu mwenyewe. Nyani haoni kundule.

Niliibandua ngozi kwa kisu, nikawasha, nikafika Shinyanga bila lori kukohoa hata mara moja.

Pale stesheni nilimkuta Mzaramo amekaa juu ya sanduku lake la bati, anangoja treni. Aliposikia mngurumo alisimama kabla hajaniona.

"Umelipata, mtani!" alisema, na furaha yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. "Lilikuwa nini?"

"Kitundu cha kifuniko kilikuwa kimeziba," nilisema. Nani alikiziba, sikusema.

"Si nilikuambia! Basi bwana akijua hivyo, ataifuta ile barua."

"Nitamwambia."

"Leo?"

"Nikifika tu."

Treni ilikuja nikiwa ninapakia unga. Watu walisukumana, wakapanda, ikaondoka. Nilipogeuka nilimwona bado amesimama pale na sanduku lake. Alikuwa ameiacha.

"Niende wapi na barua chafu," aliniambia, "na ya kweli i njiani? Nitakungoja hapahapa."

Njia nzima nilifanya mazoezi ya kusema. Niliyasema maneno kwa sauti, peke yangu, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kisukuma. Lakini nilipofika, bwana mkubwa alikuwa nje amesimama. Alilisikia lori kutoka mbali. Alinipa mkono mbele ya wachimbaji wote. Hakuwahi kumpa mkono mtu mweusi pale mgodini.

"Fundi hasa," alisema. "Lilikuwa nini?"

"Petroli ilikuwa imetiwa maji, bwana."

Yalinitoka kama yaliyokuwa yamekaa tayari. Sikuwa nimeyafikiria hata kidogo, au labda nilikuwa nimeyafikiria. Bwana alitikisa kichwa, akasema alijua tangu mwanzo, mwizi wa petroli hujazia maji. Wachimbaji wakaguna. Mmoja akasema, kumbe haukuwa utani.

Zilipita wiki mbili kabla sijarudi Shinyanga. Nilifika asubuhi, nikatazama kwanza jukwaani, nikashukuru kwamba hapakuwa na mtu. Nilimwendea mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akiuza uji karibu na stesheni.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma, nikimwita mama.

"Mwangaluka, baba. Ndilo lori la mgodini hilo?"

Nilimwambia ndilo.

"Kulikuwa na Mswahili mmoja hapa," alisema akinichotea uji. "Mtu mzuri, wa swala tano. Kila lori likija kutoka huko Geita anainuka, anajikung'uta kanzu, anakwenda kulipokea. Treni zikaja, hapandi. Anasema kuna mtani wake anamletea barua. Mwishowe nikamwambia, baba, huyo haji. Akanikasirikia! Akasema mimi sijui utani. Juzi ndiyo kapanda." Alinipa kata ya uji kwa mikono miwili. "Wewe unatoka huko. Huyo mtani wake unamjua?"

Nikaupuliza uji, ingawa haukuwa wa moto.

"Simjui, mayu," nikasema.