Disketi Kumi na Tatu za Mwenzangu

Nilibadilisha mfumo wa kompyuta yangu kwa sababu ya wivu. Wengine wangekuambia walitaka maendeleo. Mimi nilitaka maua.

Maua yenyewe yalikuwa kwenye pembe za kadi za mwaliko wa arusi. Tulikuwa wanawake wawili tuliochapia watu barua kwenye baraza moja pale Likasi, mji wa shaba wa Kongo, miaka ile ambayo mshahara wa kiwandani ulikuwa umegeuka hadithi na kila mtu alikuwa na barua ya kuandikisha: ya kuomba kazi, ya kulalamika, ya kumtafuta ndugu aliyevuka kwenda Zambia. Mimi ndiye niliyetangulia kuwa na kompyuta. Ilikuwa ndogo, ya kubebwa, niliachiwa na sista mmoja aliyerudi kwao Ulaya baada ya uporaji wa wanajeshi. Betri yake ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo bila umeme wa ukutani ilikuwa kisanduku tu. Lakini ilinilisha, na mwenzangu, aliyekuwa na taipureta ya kuruka herufi, alikuwa akija kwangu kuomba karatasi.

Kisha kaka yake akamtumia kompyuta mpya. Ilikuja na mfumo mpya, yaani ile programu mama inayoendesha mashine yote, na mfumo huo ulikuwa na herufi za kujipinda, fremu, njiwa na maua. Wangu ulijua kupanga maneno mistari kwa mistari, basi. Nilimpongeza kwa mdomo. Moyoni niliomba iteleze mezani. Wateja wangu wakaanza kupita mbele ya meza yangu huku wakitazama ukuta, kana kwamba ukuta ule una habari.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini mdogo wangu wa mwisho alikuwa akijiandaa kuolewa. Mama yetu alipokufa, mtoto huyo alikuwa na miaka sita. Mimi ndiye niliyemwosha, niliyemsuka, niliyempeleka shule hadi akamaliza. Basi siku moja narudi barazani kutoka kununua karatasi, namkuta ameinama kwenye meza ya mwenzangu. Waliponiona, mwenzangu alifunika kioo kwa kitenge. Nikauliza ni nini. Mdogo wangu akasema ni mwaliko wa arusi yake, akaangalia viatu vyake.

Mtoto niliyemlea mwenyewe, mwaliko wake uchapwe na mikono mingine, na mimi nimekaa hatua nne tu kutoka hapo! Tangu dakika ile nilitaka kitu kimoja tu: mwaliko ule utoke kwenye mashine yangu, na maua mengi kuliko ya pale.

Kesho yake nilimeza mate na kumwomba mwenzangu zile disketi za mfumo mpya. Zilikuwa kumi na tatu, zimefungwa kwa mpira. Hakuninyima. Alizishika kidogo, akasema polepole, akiniita yaya kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa:

"Yaya, minye naona usifanye. Mashine yako iko na mémoire kidogo, na haina batri. Courant ikikatika katikati, ya zamani imeisha kwenda, na ya mupya haiyafika."

Maneno ya haki kabisa: kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo, na umeme wetu ulikuwa wa kukatika. Mimi nikasikia kitu kingine: kwamba anataka abaki peke yake na maua yake. Nikazitia disketi kwenye mfuko.

Sikuwa mjinga, lakini. Nilichagua saa. Kwenye avenyu yetu wote tulipikia resho, lile jiko la umeme la waya unaowaka mwekundu, maana makaa yalikuwa ghali na umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuwa bado unakuja karibu bure. Saa ya kusonga bukari, yaani ugali, taa zilififia zikawa za manjano. Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, resho zote zilikuwa baridi na umeme ulisimama imara. Kila mtu Likasi aliyekuwa na kifaa cha kuogopea alijua saa hiyo. Nikasema kichwa kinaniuma, nikabaki nyumbani.

Nilichosahau ni mfungo. Wapentekoste wa avenyu yetu walikuwa wamefunga siku tatu, na Jumapili ile walikuwa wakifungua mapema, mara tu baada ya maombi. Mdogo wangu alikuwa akiolewa kwao, naye alifunga pamoja nao. Ijumaa aliniambia mwenyewe nisimwekee chakula. Nilimwitikia bila kumsikia.

Disketi ya kwanza hadi ya nane ziliingia vizuri. Nilikuwa nikiimba. Kwenye ya tisa nikasikia vifuniko vya sufuria kwa jirani, kisha kwa jirani wa pili, kisha avenyu nzima. Taa juu yangu ikageuka manjano. Mlango ukafunguka, mdogo wangu akaingia mbio, akaniuliza kama kichwa kimepoa na kama nimekula. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshachomeka resho anipikie uji.

Fyuzi ya nyumbani haikukatika. Kama watu wote tulikuwa tumeiondoa na kuweka waya wa shaba, na shaba sisi hatukuwahi kuikosa. Kilicholipuka ni kabini, kile kibanda cha transfoma ya avenyu nzima.

Umeme ulirudi siku ya pili. Mashine ilionyesha mstari mmoja mweupe, ikakaa hapo. Ya zamani ilikuwa imekwenda, ya mpya haijafika.

Nilikwenda barazani mikono mitupu na kumrudishia mwenzangu disketi zake, nikingoja anicheke. Hakucheka. Alimwita mdogo wangu, na mdogo wangu akatoa kwenye Biblia yake kadi moja ya majaribio. Nilisoma. Mahali pa mama wa bibi arusi, ambapo watu huandika jina la marehemu na kamsalaba kadogo, palikuwa na jina langu. Msalaba haukuwepo.

"Ni weye ulinilea, yaya," akasema. "Mama ya bibi arusi hawezi kujichapia mualiko mwenyewe. Njo maana tulikuficha."

Nililia, ndiyo. Lakini nimeanza kwa ukweli, nimalizie hivyo hivyo. Kabla sijalia niliyatazama yale maua, jinsi yalivyokaa sawasawa kulizunguka jina langu, na wivu ukanichoma upya. Nikamwambia mwenzangu kwamba jina la mama ni dogo mno. Alisogeza kiti chake pembeni na kunipisha mbele ya mashine yake, nami nikalikuza mwenyewe.