Kikombe Katika Maji ya Mihogo

Sokoni hapa Butembo, wauza mihogo iliyolowekwa huifunika kwa majani ya migomba ili harufu isifukuze wateja. Mimi ni mteja wa ajabu: nainama, nafunua jani, navuta pumzi. Muuzaji mmoja aliwahi kuniuliza kama nina mimba, na umri wangu huu! Nilicheka hadi nikashika meza yake. Ningemwelezaje kwamba harufu ile, inayowafanya wengine wazibe pua, kwangu ni harufu ya kanisa?

Sisi Wanande nyanya tunamwita mukaka. Mukaka wangu, mama mzaa baba, aliishi kijijini upande wa Mabalako, na mimi nilikulia mikononi mwake. Alikuwa mkubwa wa wamama wa kanisa. Ndiye aliyefua vitambaa vya altare, ndiye aliyetufundisha sala, ndiye aliyeitwa kila mwanamke aliposhikwa na uchungu wa uzazi. Jikoni kwake hakukosekana mtoto wa watu akila bugali. Ila mdomo wake! Mukaka hakujua uongo, hata ule mdogo wa adabu. Jirani akimwonyesha kitenge kipya, na kama kilikuwa kibaya, aliambiwa ni kibaya, kisha akakaribishwa chakula. Watu walijifunza kutomuuliza jambo bila kujiandaa.

Uhuru ulikuja na ngoma, na kabla hatujauzoea ukaja uasi. Waasi walijiita Simba. Padri wetu, kabla ya kukimbia kupitia msituni, alimwachia Mukaka kikombe cha misa, kile cha rangi ya dhahabu. Siku hizo mwanamke hakuruhusiwa kukigusa, kwa hiyo alikipokea kwa kitambaa cheupe, kama anavyopokelewa mtoto mchanga. Katika siku hizo hizo alipita Bwana Salumu, Mwislamu wa Beni aliyekuja kwetu na lori lake kununua mpunga. Yeye alikuwa amewaona Simba. Alisema wamechanjwa dawa ya kuzuia risasi, na dawa hiyo ina miiko: hawagusi mwanamke, wala hawagusi maji aliyoyaingia mwanamke. Alisema pia kwamba katika vijiji vingine watu walipigwa hadi kufa kwa kuficha mali ya mapadri, wengine kwa mali wasiyoijua iliko. Mukaka alimsikiliza huku akimenya mihogo, kisha akamwomba arudie ile miiko.

Kesho yake nilimwona akikitia kikombe ndani ya kopo la mafuta na kuziba mfuniko kwa nta ya mishumaa. Nilimfuata kwa kunyata hadi mtoni, kwenye dimbwi ambamo wamama wa kijiji waliloweka mihogo yao. Aliingia, akalizamisha kopo, akalifunika kwa mihogo. Mimi nilikuwa nyuma ya matete nimeziba pua. Basi nikawa na siri, nikatembea nayo kijijini nimejaa majivuno, nikiamini kwamba duniani tunaijua wawili tu.

Simba walifika asubuhi moja, wamejifunga majani kichwani. Walipekua kanisa wakakuta patupu, halafu wakaja uani kwetu. Kiongozi wao alikuwa kijana mwenye mkuki.

"Mama, kikombe ya zahabu ya padri iko wapi?"

Nilimjua nyanya yangu. Nilimwomba Mungu amruhusu uongo mmoja, mmoja tu, halafu amsamehe.

"Iko kule chini, mu maji ya mihogo," alisema Mukaka, akiendelea kuchambua maharagwe.

"Unatuchekelea? Kama haiko, utakufa leo."

"Miye hapana semaka buongo, mutoto wangu. Muende mutoe. Lakini mujue, banamuke ba hapa banaingiaka mule kila siku, hata benye mimba."

Walimtanguliza mbele, ncha ya mkuki mgongoni. Nilifuata nikilia. Alitembea kama anayekwenda misa, polepole, kitambaa kimekaa sawa kichwani. Dimbwini tulimkuta Mama Kahambu, mke wa baba yangu mdogo, amesimama majini hadi magotini akigeuza mihogo, na tumbo lake la karibu kuzaa likiwa mbele. Aliwasalimu vizuri sana.

Kijana alisimama ukingoni. Harufu ilimpiga, akageuza uso. Alimwamuru mwenzake aingie. Mwenzake akarudi nyuma.

"Ingia weye! Maji hii itaua dawa yangu."

Walibishana pale, wanaume wazima wenye mikuki, wakisukumana kama watoto wanaoogopa kuoga. Mwishowe kiongozi alitema mate.

"Baki na buchafu yako, mama."

Wakaondoka. Mbuzi wetu waliondoka nao.

Nilimkasirikia Mukaka. Niliona ameisaliti siri yetu, na kwamba ni bahati tu iliyomwokoa. Hasira iliisha padri aliporudi. Kwenye misa ile ya kwanza aliinua kikombe, na harufu ya mihogo ikashuka hadi kwenye viti vya mbele, maana nta haikuwa imeziba vizuri. Padri alikunja pua. Wamama wakaanza kucheka, kisha wakaangua vigelegele, na mimi nikamtazama kila mtu kanisani nikitaka wajue kwamba yule ni mukaka wangu.

Mukaka alishafariki, nami nilishakuwa mama, nilipomtembelea Mama Kahambu kule Beni na kumfunulia, kwa fahari, siri niliyoiona nikiwa nyuma ya matete. Alinishangaa.

"Siri gani? Kijiji muzima tulijua! Ni batoto tu hapana tulibaambia."

Ndipo akanisimulia. Jioni ya siku ile ile aliyokizamisha, Mukaka aliwaita watu wazima wote kanisani akawaambia mahali kilipo. Mzee mmoja alikasirika, akasema kitu kitakatifu hulindwa kwa damu. Mukaka alimjibu mbele ya altare, na Mama Kahambu alinirudishia maneno yake akijipiga kifua kama yeye:

"Bakiwauliza, museme. Bakiichukua, baichukue. Hapana mutu wangu atakufa juu ya kikombe. Mungu hapana kosaka kikombe."