Nilimwambia Avue Jaketi

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usihangaike kunitafutia udhuru. Mimi ndiye niliyemwambia rafiki yangu avue jaketi la kuelea tukiwa kwenye maji ya Hispania, na nilisema hivyo nikijua fika kwamba mimi mwenyewe siwezi kuogelea hata kwenye bwawa la watoto.

Jina langu sitoi. La kwake nimelibadilisha, tumwite Kambale. Alikuwa Mkongo wa Butembo, mimi Mtanzania wa Tanga. Tulikutana Hounslow, London, karibu na uwanja wa ndege, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, kwenye kazi ya kusafisha ndege. Nyie mnaosafiri hamtujui. Mkishuka, sisi tunapanda na mifuko ya taka. Tunafuta meza, tunaokota mlivyosahau, tunafunga mikanda ya viti upya, tunatoka kabla wengine hawajaingia.

Ndege zilizotoka Hispania na Ugiriki tulizitambua kwa mchanga. Ulijaa kwenye viti, kwenye mifuko ya magazeti, hata chooni. Wenzetu waliulaani mchanga ule. Kambale yeye aliukusanya kiganjani, akautazama, akaniuliza huko kukoje. Nami badala ya kusema sijui, nikaanza kumfundisha bahari.

Ukishasema umezaliwa Tanga, watu wa bara wanakuona samaki. Sikuwasahihisha. Siku moja kwenye chumba cha chai wakaulizana nani angepona ndege ikiangukia majini. Nikapiga kifua. Nikawasimulia nilivyomwokoa mtoto wa jirani aliyekuwa anazama ufukwe wa Raskazone, kwetu Tanga, mimi nikiwa kijana mdogo. Kisa chenyewe ni cha kweli, isipokuwa aliyeingia majini ni kaka yangu. Mimi nilibaki nchi kavu nimemshikia nguo.

Tangu siku hiyo Kambale akaniita mutu ya bahari. Nililipenda lile jina, jamani. Nikiwa na ufagio mkononi na mgongo unauma, mtu akiniita hivyo nilijiona mkubwa.

Alipopata pasi ya Uingereza, baada ya miaka ya kuripoti uhamiaji na kungojea majibu, alikuja nayo kazini kaifunga kwenye nailoni. Akaniambia, "Ndugu yangu, sasa na miye nitasafiri juu ya kupenda, hapana juu ya kukimbia." Kwao "juu ya" ni "kwa ajili ya". Alitaka kwenda kule mchanga unakotoka. Yeye, mkewe Mama Furaha, binti yao Furaha, na mimi. Bila mimi asingekwenda, alisema, kwa sababu kwao milimani hakuna aliyejua maji.

Hapo ningeweza kusema. Ningecheka, wangenicheka, yangeisha.

Tulifikia mji mmoja wa pwani wenye hoteli zilizobanana. Jua lilikuwa kali, lile la kwetu kabisa, na Waingereza wamejilaza chini yake mpaka wamekuwa wekundu. Kulikuwa na miavuli imepangwa safu, pikipiki za majini, puto refu la manjano linalovutwa na boti huku watu wamelikalia wanapiga mayowe. Pembeni kulikuwa na bandari ndogo ya boti za matajiri, nyeupe zote. Kambale alizunguka pale asubuhi nzima akisoma majina ya zile boti kwa sauti, na Furaha anamsahihisha matamshi. Sijawahi kumwona mtu mzima na furaha kama ile.

Alasiri akataka tukodi kiboti cha kukanyaga pedeli, kile chenye ngazi na mtelezo nyuma. Mama Furaha hakupenda. Alinivuta kando akaniambia anaogopa yale maji, lakini ikiwa niko na mumewe basi hana neno. Nikamwambia, "Shemeji, mimi nikiwepo hakuna litakalotokea." Akarudi chini ya mwavuli na mtoto.

Yule mwenye viboti alitupa majaketi ya rangi ya chungwa akatuonyesha kuyafunga. Langu nililivua tulipoachana na watu tu. Mutu ya bahari atavaaje jaketi? Kambale alibaki na lake, limembana tumboni.

Tulikanyaga mpaka karibu na mlango wa ile bandari ndogo. Nilikuwa na kamera ya kutumia mara moja na kutupa, ile ya gamba la karatasi, nimpige picha za kutuma Butembo. Akapanda juu ya mtelezo, akasimama, kisha akajiangalia lile jaketi. Lilifanana na vizibao vyetu vya kazini. Akasema, "Foto yote na nguo ya kazi? Kule watanicheka."

Mimi nikasema, "Vua tu. Mimi nipo."

Ni hayo. Maneno yenyewe ni machache hivyo. Akavua, akanirushia, akasimama tena na mikono kiunoni.

Boti kubwa ikatoka bandarini kwa kasi. Haikutugonga, ilituachia mawimbi tu. Kiboti kikapanda, kikashuka. Nilikuwa bado nina kamera jichoni, kwa hiyo nilimwona akianguka kupitia kale kadirisha kadogo.

Alizama akaibuka. Jambo moja nataka mlijue, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu yeyote. Hakupiga kelele. Alipoibuka alinitazama, na uso wake haukuwa wa mtu anayekufa. Ulikuwa wa mtu anayesubiri. Alikuwa na hakika nakuja.

Nililiokota lile jaketi lake. Ningelitupa tu, Mungu wangu! Alikuwa karibu, hata mtoto angemfikishia. Nililivaa. Nakumbuka nilivyofunga vifungo vyake vyote, kimoja baada ya kingine, kama ninavyofunga mikanda ya viti kazini. Nilipoinua macho hakuwepo.

Baadaye wakaja walinzi wa ufukwe na pikipiki ya majini, na boti nyuma yake. Waliponiambia nihamie kwenye boti, mguu ukateleza, nikatumbukia katikati. Wakanivuta nimelowa chepechepe, natapika maji ya chumvi. Watu wa ufukweni, pamoja na Mama Furaha, walichokiona ni hicho. Mimi, natolewa majini.

Kambale walimtoa baadaye kidogo. Wakamlaza, wakahangaika naye, wakaacha.

Mama Furaha alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akanijia nilipokuwa nimekaa na taulo la watu mabegani, akapiga magoti, akanishika miguu. "Aksanti, shemeji," akasema. "Uliingia juu yake. Niliona."

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Mkiniuliza nilihisi nini, sikuhisi kitu. Nilikuwa natazama mchanga uliomganda magotini.

Mazishi yalifanyika London. Kanisani kwao Barking mchungaji aliniita mbele, akawaeleza waumini kwamba huyu ndugu ni mtu wa Tanzania, hata si wa kabila la marehemu, lakini alijitosa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilisimama pale nimevaa suti ya kuazima, nikiangalia jeneza, na mikono nimeiweka mbele. Sikulia. Wakasema huyo amepigwa na mshtuko, mwacheni.

Niliporudi kazini walinipanga ndege iliyotoka Hispania. Mchanga ulikuwepo. Nikafagia, nikafunga mikanda, nikashuka, nikaenda kwenye ndege nyingine.

Baada ya hapo nikawa baba wa ile nyumba bila kuombwa. Jumapili nilipanda treni kutoka Hounslow mpaka Barking, mji mzima unapita dirishani, nifike nile nao. Nilitundika mapazia. Nilikwenda shuleni kwa Furaha kusikiliza walimu. Mama Furaha hakuniacha niondoke bila kunikumbusha kwamba niliingia majini. Mnisamehe nikisema hivi, lakini baada ya muda hata hayo niliyazoea.

Kisha shule ya Furaha ikaanza kupeleka watoto bwawani kujifunza kuogelea. Mama akakataa kabisa. Mtoto akalia, mama akalia. Mwisho mama akatoa sharti: ataruhusu akiwa na anko wake, kwanza, Jumamosi kadhaa, kwa sababu anko anajua maji na hatamwacha.

Mnaona? Mtu wa pili wa nyumba ileile anakabidhiwa kwangu kwa uongo uleule. Na mimi nikakubali. Sijui niliwaza nini. Nadhani sikuwaza.

Tulikwenda bwawa la ndani la pale Barking. Furaha alikuwa na miaka tisa, na kofia ya plastiki inayomvuta nyusi. Mtoto huyu Kiswahili anakisikia chote ila hujibu Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa huku. Akaingia upande wa kina kifupi, akaniita. Nikasema goti linauma. Akaniita tena, akasema maji yamemfika kiunoni tu, nikae hata kwenye ngazi. Nikasema nimesahau nguo za kuogea.

Akasogea kidogo kule kwenye kina. Akateleza, akamezwa, akaibuka anakohoa, akashika ukingo mwenyewe. Ilikuwa ni kufumba na kufumbua. Kulikuwa na mlinzi, hakuna hatari yoyote. Lakini alipoibuka alinitazama. Nami nilikuwa nimesimama ukutani, mbali kabisa na maji, nimeshika bomba la kutundikia taulo kwa mikono miwili.

Akatoka. Akaja kukaa kwenye benchi, anatiririka maji, miguu haifiki chini. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha Barking, taratibu, kama ninajua kuogelea.

Nikamfunika taulo lake mabegani. Akaniuliza kama siku ile niliingia. Nikatikisa kichwa, hapana.

Watoto wengine walikuwa wanaruka majini na kupiga kelele. Nilingoja anipige, anitukane, akimbie. Badala yake akasema kwa Kiswahili, mara ya kwanza kumsikia akikitamka, na kilikuwa kile cha baba yake, "Usiambie mama. Ndiyo ile inamulalishaka." Yaani ndilo linalompa mama yake usingizi.

Mtoto wa miaka tisa! Mzigo ulionishinda mimi, akaunyanyua yeye, akaenda kuvaa viatu.

Miaka imepita. Furaha ni mtu mzima sasa, anaogelea vizuri, alijifunza shuleni, mimi sikwenda tena. Mbele ya mama yake ananiita anko. Tukibaki wawili haniiti chochote. Si kwamba ana hasira, ningejua la kufanya na hasira. Anasogeza kiti, anawasha televisheni, tunakaa.

Kazi niliacha, mke sikuoa. Nilichumbia mara moja, na yule dada alitaka twende Uturuki, kwenye bahari hiyohiyo, tukapumzike. Sikumjibu simu zake tena. Niliogopa kumwambia sababu kuliko nilivyoogopa kumkosa.

Ninyi mnaosoma, hasa wanaume wenzangu, hasa sisi tunaopenda kuonekana kwenye nchi za watu ambako hakuna anayetujua: usipojua kitu, sema hujui. Sema mapema, wakati bado ni kicheko cha chumba cha chai. Wala usimvue mwenzako kilichomkinga kwa sababu wewe unaona haya. Na ukisifiwa kwa ambalo hukulifanya, kataa siku hiyohiyo. Mimi nilidhani nitasema kesho, na kesho yake nikakuta wameshanitengea kiti.

Kwa Mama Furaha sijasema mpaka leo. Jumapili iliyopita alinipakulia mimi kwanza, fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu vya kwao, na kichwa cha samaki akaniwekea mimi. Kulikuwa na wageni wapya kutoka kanisani. Akawaambia, "Huyu ndiye yule aliyeingia kwenye maji juu ya bwana yangu." Wakanitazama kwa heshima.

Furaha akaniletea maji ya kunawa. Akanimiminia, macho yake kwenye bakuli.

Nikanawa. Nikala.