Kadi za Madame Piqûre

Watoto walimwita Madame Piqûre, yaani Mama Sindano, na aliyempa jina hilo ni mimi. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa rafiki yake tangu mwanzo. Nilikuwa mwalimu wa mwaka wa tano katika shule moja ya msingi mtaa wa Lumumba, hapa Bunia katika Ituri, na kwa mwaka mzima na zaidi mwanamke yule alinikera kuliko inspekta.

Jina lake la kweli lilikuwa Emérance Kavugho. Alikuja kutoka Butembo na mumewe Mbusa, aliyeuza vitenge sokoni. Barabara zilipoanza kufungwa kwa sababu ya vita vya makabila, Mbusa alifunga mizigo akarudi kwao. Emérance akabaki, eti shule ina watoto mia nne na kumi na wawili na muuguzi mmoja tu. Alipewa stoo ya zamani ya majembe iwe chumba cha wagonjwa. Mle ndani alikuwa na kitanda kimoja na kabati la chuma, na nje ya mlango alijenga kibanda cha jiko chenye mafiga ya kupikia uji. Kabatini aliweka kadi, moja kwa kila mtoto, na kadi hizo ndizo zilizotugombanisha.

Kila Jumatatu aliita darasa moja, akapima macho na masikio, akatazama kope na ndimi, akauliza mtoto amekula nini tangu jana. Yote aliandika. Kisha alikuja darasani kwangu, mbele ya watoto, akaanza kunipanga mimi na madawati yangu.

"Mwalimu Liévin, Arielle asikae tena nyuma."

"Juu ya nini, mama? Uyu iko mutoto muvivu. Hata jina yake anakopia mubaya."

"Haiko uvivu. Macho yake iko mubaya, ubao haioni. Umuweke banc ya mbele."

Arielle alikuwa na miaka kumi, mwembamba, mwenye tabia ya kukunja uso kila nilipoandika ubaoni. Mimi nilidhani ananidharau. Nilishamchapa mara ngapi kwa uso ule, sitaki kuhesabu. Nikamhamishia dawati la mbele kwa shingo upande, nikiwa na hakika muuguzi ataaibika. Mwisho wa muhula Arielle, aliyekuwa wa thelathini na saba kati ya thelathini na wanane, akawa wa sita. Muhula uliofuata akawa wa pili. Nilimwambia mke wangu Angèle kwamba mtoto ameamua kusoma. Angèle akacheka mpaka akaweka sahani chini.

Basi pole pole nikaanza kumsikiliza. Aliniambia nani asichapwe wala asitumwe maji kwa sababu damu yake ina ugonjwa, nani haoni, nani hasikii sikio la kushoto, nani analala darasani kwa njaa na si kwa ujinga. "Kichwa inabebwa na tumbo, mwalimu," alikuwa akisema, na kumpa mtoto kikombe cha uji kisha kumrudisha darasani kabla somo halijaisha. Risasi zilipoanza kusikika hata saa za masomo, watoto walijikojolea kwa kishindo cha dawati tu. Aliwachukua, akawaosha, akawaketisha kidogo pale jikoni. Hakumruhusu hata mmoja kurudi nyumbani kabla ya kengele. Alisema mtoto aliyetishika akikosa darasa, kesho hatakuja kabisa. Nami niliona kwa macho yangu kwamba wale aliowashika hivyo ndio walioendelea kuja.

Sasa niseme juu ya mstari wa laana. Chini ya jina, kila kadi ilikuwa na mstari wa collectivité ya asili, yaani eneo la ukoo wa mtoto. Ofisi ndiyo iliyoutaka. Mtoto anaumwa tumbo, ofisi inataka kujua babu yake alizaliwa upande gani wa Ituri! Emérance alipenda kuuacha wazi. Inspekta akaja, akaona mistari mitupu, akatupa alama mbaya. Kwenye kikao cha walimu mimi ndiye niliyesimama nikasema kadi isiyojazwa ni aibu kwa shule nzima. Tukaijaza yote, tena kwa kalamu nzuri. Mtu akisoma mstari ule alijua kabila la mtoto mara moja, na Bunia ya mwaka ule wa 2003 kulikuwa na watu ambao hawakutaka kujua kitu kingine chochote.

Walikuja mwanzo wa mwezi wa tano, wakati wanajeshi wa Uganda walioushika mji walipokuwa wakipakia malori yao na kila mtu alijua kwamba mji unabaki bila mwenyewe. Walikuwa vijana watatu wenye bunduki. Mmoja alivaa shati safi na kuongea kwa adabu. Walimkuta Emérance jikoni kwake, mimi nikiwa pale nimeleta mtoto mwenye homa.

"Mama, tunaomba zile fiches za batoto," alisema mwenye shati, akitaka kadi. "Kuko musaada itakuya. Tunataka kujua nani ni nani."

"Ufunguo iko kwa directeur," Emérance akajibu, na ufunguo ulikuwa ndani ya kitenge chake. "Mukuye kesho asubui."

Wakaondoka taratibu, na utaratibu ule ndio uliotutia hofu kuliko bunduki zao.

Mkuu wa shule, mzee Gaspard, alitaka tuzifiche darini. Emérance akasema dari ndipo pa kwanza mtu kutafuta. Nikasema tukate ule mstari kwa mkasi. Akanitazama kwa huruma. Majina yenyewe yalisema, alinijibu. Nani Ituri hajui jina fulani ni la upande gani? Tukaelewa sote kwamba ni moto tu. Mzee Gaspard akauliza, na magonjwa yao? Kazi ya miaka miwili? Emérance akafungua kabati, akaanza kuzipanga kadi darasa kwa darasa.

"Kila mwalimu atabeba batoto yake mu kichwa," alisema. "Nitasoma, mutashika, nitachoma. Asiandike mutu." Kwa kweli, mtu aliyekutwa na orodha ya majina siku zile alikuwa amekwisha, awe ameiandika kwa nia yoyote ile.

Tukaingia jikoni mmoja mmoja siku ile ile, kuanzia saa nane mchana, watoto wakiwa wamerudishwa nyumbani. Kila mwalimu alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Zamu yangu ilipofika tayari zilishaungua zaidi ya mia mbili, na Emérance alikuwa amekauka sauti. Angèle wangu alikuwa na mimba ya miezi minane na asubuhi ile alikwenda sokoni, hajarudi. Nilisikia malori yakinguruma barabarani na akili yangu yote ilikuwa huko.

Alichukua kadi, akasoma mbele, akaigeuza, akasoma nyuma, akauliza, "Umeshika?" Nikajibu, "Nimeshika." Kadi ikaenda motoni. Kumi, kumi na tano, ishirini. Mara mbili alirudi nyuma kunipima, na mara zote mbili nilijibu sawa, akatikisa kichwa kwa furaha. Naapa nilikuwa najitahidi.

Kisha akachukua ya Arielle.

"Uyu namujua, mama!" nikamkatiza. Nilitaka kumfurahisha. Nilitaka ajue kwamba somo lake la kwanza limeniingia. "Macho. Banc ya mbele. Tuendelee, saa inakwenda."

Akatabasamu, mara ya pekee siku ile, akaitupa kadi bila kuigeuza. Ilipojikunja motoni niliona nyuma yake kuna maandishi ya kalamu nyekundu. Niliyaona. Ningeweza kusema, "Mama, kuko kintu nyuma." Yeye alikuwa tayari ameshika nyingine na anasoma, na mimi nilikuwa nasikiliza malori. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na mimi nilijikwaa ulimi kwanza, kisha nikaufunga mahali ulipotakiwa kusema.

Vijana walirudi asubuhi kama walivyoahidi. Emérance aliwaambia kuni zilikosekana, kadi amezichoma kupikia uji. Wakatazama majivu. Yule wa shati safi hakuwa na adabu tena. Walimpiga na kitako cha bunduki mpaka mkono wake wa kulia ukavunjika, mzee Gaspard akilia na kuwaomba, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya darasa. Ndiyo, nilijificha. Hakutaja jina hata moja la mtoto. Walipochoka wakaenda zao, na siku mbili baadaye mji ukawaka kila upande.

Tulikimbilia uwanja wa ndege kama maelfu ya wengine, chini ya plastiki, katika matope. Angèle nilimpata salama. Siku ya nne nilimwona Arielle. Alikuwa na shangazi yake Véronique, mwanamke asiyejua lolote juu ya mtoto huyo kwa sababu alimchukua njiani, wazazi wakiwa hawajulikani walipo. Mguu wa Arielle ulikuwa umekatwa na bati wakati wa kukimbia, umevimba mpaka gotini, na mwili ulikuwa unachemka.

Nilimbeba mimi mwenyewe hadi kwenye hema la waganga, yaani madaktari wa kambi. Njiani alinikunjia ule uso wake, akaniuliza kama shule itafunguliwa kabla hajasahau hesabu ya sehemu za kumi. Nikamwambia hawezi kusahau, yeye ni wa pili darasani. Akasema, "Nilitaka kuwa wa kwanza, mwalimu."

Pale hemani foleni ilikuwa ndefu na waganga walikuwa hawajalala siku kadhaa. Mmoja alitazama mguu, akaandaa sindano, akauliza haraka kama wanavyouliza wote:

"Uyu mutoto, kuko dawa yenye inamukatalia? Pénicilline?"

Shangazi akanitazama. Mimi ndiye mwalimu. Mimi ndiye niliyepewa watoto thelathini na wanane kichwani mwangu.

"Hapana," nikasema. "Namujua. Iko na shida ya macho tu."

Sitasimulia robo saa iliyofuata. Alianza kujikuna, midomo ikavimba, pumzi ikagoma. Waganga walikuja wawili, watatu, wakafanya walichoweza na walichokuwa nacho. Véronique alinishika shati akipiga kelele, "Mwalimu, fanya kintu! Mwalimu!" kana kwamba mwalimu anaweza kitu chochote. Arielle alikufa mikononi mwetu saa nne ya asubuhi. Tulimzika kando ya uwanja, na hata ubao wa kuandika jina lake hatukuupata.

Emérance alifika kambini kesho yake, mkono umefungwa kwa kipande cha kitenge, shavu jeusi. Hakuomba chakula wala pa kulala. Alipita plastiki kwa plastiki akiuliza watoto wa shule, na kila aliyemwona alimwambia mama yake kwa sauti ya chini: uyu asipewe hii, uyu anywe maji mingi. Alipofika kwetu akaketi juu ya jerikani, akaniuliza habari za wangu. Nikamwambia. Nilimwambia sindano, nilimwambia pénicilline, nilimwambia tulipomzika.

 Angèle akaanza kulia, Emérance hakulia.

"Niliandika nyuma," akasema. "Na rouge. Mwaka uliopita nilimupa kidonge moja tu, akavimba. Niliandika." Kisha akanishika mkono kwa ule wake mzima. "Mwalimu, sikukusomea nyuma?"

 Sentensi ya kumjibu ilikuwa fupi, watoto wa mwaka wa kwanza wangeweza kuisoma: nilikukatiza.

"Tulikuwa na haraka, mama," nikasema.

"Basi ni miye. Niliruka. Moto ilikuwa inanikimbiza, nikaruka." Alirudia neno hilo mpaka likawa halina sauti. "Haiko weye, mwalimu. Usibebe. Ni miye."

Nami nikamwacha abebe.

Shule ilifunguliwa tena mwaka huo, lakini Emérance alikataa kurudi katika stoo yake. Mzee Gaspard alimfuata mara tatu. Alijibu kwamba muuguzi anayeruka mstari hafai kushika watoto wa watu. Akina mama waliojua alichofanya, ambao watoto wao wako hai kwa sababu ya majivu yale, walimpelekea kuku na maharage wakimsihi. Aligawa vile vitu kwa wakimbizi waliotoka kijijini Bule, akapanda lori kwenda kwa mumewe Butembo. Hakushika sindano tena. Sisi tulifundisha bila kadi na bila yeye, na kila mtoto aliyekunja uso mbele yangu nilimhamishia mbele.

Mwaka wa 2006 nilikwenda Butembo kwa kazi ya shule nikamtafuta. Nilikwenda kumwambia, hilo nalisema kweli. Njia nzima nilifanya mazoezi ya maneno. Nilimkuta anauza vitenge pamoja na Mbusa, amekonda, mkono wa kulia haunyooki. Alifurahi mno kuniona. Aliagiza chai na maandazi, akauliza juu ya Angèle na mtoto wetu, akauliza darasa kwa darasa, jina kwa jina. Hakuwa amesahau hata ugonjwa mmoja. Mbusa alipotoka kuhudumia mteja, akaweka kikombe chini, akasogea karibu.

"Mwalimu, weye ulikuwa pale. Kila siku ninajaribu kukumbuka, inakataa. Ile kadi, niliigeuza ao sikuigeuza?"

Macho yake yalikuwa yananisihi nimpe kitu, chochote kile.

"Sikumbuki, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa, akanifungia maandazi yaliyobaki nimpelekee mtoto, akanisindikiza mpaka barabarani, akanishukuru kwa kuja.