Bwana Chuma Nje

Mlangoni mwa maabara yake chuoni, Daktari amebandika karatasi: ACHA CHUMA NJE. Funguo, mkanda, sarafu, vyote huishia kwenye kopo la maziwa juu ya kiti. Siku moja alimzuia mkewe, fundi cherehani, kwa ajili ya pini mbili alizosahau kwenye ukosi. Tangu siku hiyo wanafunzi wakampachika jina la Bwana Chuma Nje. Analijua, ila hujifanya hajui.

Kazi yake ni kutafuta nyufa ndani ya chuma bila kukikata. Hupitisha koili, waya uliosokotwa ukatoshana na kizibo cha chupa, juu ya chuma hicho. Koili huamsha umeme unaozunguka humo ndani. Ukikuta ufa hupinda njia, na mstari kwenye skrini hupanda. Halafu kompyuta hukisia kina cha ufa na kuchora mstari wa pili, kuonyesha wa kwanza ulipaswa kupanda kiasi gani. Mistari miwili ikilaliana, kina cha ufa kimejulikana.

Safari hii haikulaliana. Kiwanda cha sabuni kilimletea bomba la boila la kuchemshia maji, akalipima, wakalichukua. Wakampa mpaka Ijumaa: asipowaambia ufa una kina gani, watalipasua kwa msumeno wajionee. Kwa mtu aliyehubiri miaka kumi na miwili kwamba chuma huonekana ndani bila kukatwa, huo msumeno ulikuwa aibu tupu.

Hadi Jumatano alikuwa ameshailaumu koili, ameulaumu umeme wa mjini, amerudia hesabu mara tisa. Wa kulaumiwa akabaki fundi wa maabara.

"Siku ile ulivaa saa?"

"Mimi sikuwemo, Daktari. Ulinitoa, ukasema mkono wangu unatetemeka. Koili ulishika mwenyewe." Fundi akakohoa kidogo. "Kwa huo mkono wenye pete."

Daktari akautazama mkono wake wa kushoto. Alipooa alikuwa mwembamba. Sasa pete ilikuwa imezama kwenye nyama. Akaivuta, ikagoma. Akapaka sabuni, ikagoma. Fundi akaleta koleo la kukatia, akauliza kwa adabu zote kama aanze.

"Acha," akasema, masikio yakiwaka kwa haya. "Hata ukiikata leo, vipimo ni vya siku ile, na umeme wa pete umo humo."

Jioni alimsimulia mkewe, naye akacheka mpaka akaweka mkasi chini.

"Na mimi na pini zangu mbili nilisimama juani."

"Nisamehe, mama watoto."

"Hiyo kompyuta yako inahesabu nini?"

"Bomba, koili, hata hewa iliyo katikati."

"Basi nihesabu na mimi."

Mke akavuta tepu yake ya kupimia nguo, akaizungusha kwenye kidole cha mumewe chenye pete, akapima na upana wa pete, akamwandikia kwenye kipande cha karatasi ya kukatia mitindo.

Alhamisi Daktari aliiingiza pete kwenye hesabu, mahali pale pale kidole kilipokuwa. Mistari ikalaliana. Kina cha ufa hakikufika hata unene wa ukucha, na bomba likaepuka msumeno. Alifurahi mpaka akamshika fundi mkono, ule ule unaotetemeka.

Kwenye ripoti aliorodhesha kila kilichohesabiwa: bomba, koili, hewa, pete. Meneja wa kiwanda akapiga simu kuuliza hiyo pete ni kifaa gani, na kama safari ijayo kinaweza kuondolewa.

"Hapana," akajibu. "Hicho hakitoki."