Siku Nilipomwekea Mke Wangu Mpelelezi Sokoni kwa Sababu ya Meksiko

Sijui nianzie Meksiko au nianzie sokoni, maana watu wa mji wetu wa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, wanaijua habari hii kuanzia sokoni, na huko mimi ni yule mume mwenye wivu aliyemwekea mke wake mpelelezi mwenye kofia, na kila nikijaribu kueleza kwamba jambo lenyewe lilitoka Meksiko wananitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa anayesema hana homa. Basi niseme mwenyewe. Aibu ni yangu, nimeibeba mpaka bega limeizoea.

Mke wangu, Mama Dorika (Dorika ni binti yetu wa kwanza), ana mdogo wake mtawa, Masera Odilia, ambaye shirika lake lilimpeleka Meksiko, katika mji wa Puebla, akafundishe watoto wadogo. Tangu aondoke dada hawa wawili wanaonana kwenye kioo cha simu tu, na hapo ni kama mtandao umependa. Mwaka huu Masera alikuwa anafanya jubilei ya nadhiri zake, na shirika likasema litalipa tiketi ya ndugu mmoja aje kusimama naye kanisani. Mmoja tu. Wazazi wao wameshafariki, kwa hiyo ndugu huyo akawa mke wangu. Viza ikapatikana, kitenge kikashonwa, na nyumbani kwetu watu wakaanza kuimba wakiwa wanaosha vyombo.

Hapo ndipo mimi, mtu niliyepita chuo kikuu, nikafungua simu. (Mtu asiyesoma angemtakia mke wake safari njema na kwenda kulala.) Nikatafuta yale maonyo ambayo nchi tajiri huwaandikia raia wao wanaotaka kutalii, nikakuta ramani ya Meksiko imepakwa rangi kama ubao wa mtoto: majimbo mengine mekundu, usiende, mengine ya chungwa, fikiri tena, mengine ya njano, uwe mwangalifu. Nikasoma habari za kutekwa, za vizuizi vya uongo barabarani, za teksi unayoingia ukiwa na mkoba na kutoka bila mkoba. Puebla ilikuwa ya njano. Lakini mimi nilishaanza kushuku, na kwa mtu anayeshuku njano ni nyekundu ambayo haijaiva.

Nikampelekea Mama Dorika simu uani, alipokuwa anachambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye ungo. Alisoma, hakushtuka.

“Fungua na ya kwetu,” akasema.

Nikafungua. Sisi tulikuwa wekundu wote, kutoka ziwani mpaka ndani kule reli inakopita, hakuna hata kipande cha njano cha kupumzisha macho.

“Njo hapa tunaishi,” akasema. (Njo yetu ni ‘ndipo’ na ‘ndiye’ yenu.) “Njo hapa Dorika aliolewa. Njo hapa weye unakunywa bia yako kila juma.”

Nikamwambia hapa ni tofauti, hapa tunajua barabara gani ya Nyunzu haipitwi na ni saa ngapi, tunajua nani ni nani, mgeni ndiye hajui pa kuweka mguu.

“Na Odilia hajui pa kuweka mguu kwake?”

Nikachukua simu yangu. Nikamtumia Masera mwenyewe swali, naye akajibu kwa ujumbe wa sauti: “Shemeji, huku kuna mahali siendi na kuna saa sitoki, sawa na ninyi. Lakini watalii wanakuja mabasi kwa mabasi, wanapiga picha makanisa, wanakula, wanarudi kwao wamenenepa. Dada atakuwa na mie kila siku.” Maneno mazuri, lakini mtu anayemtamani dada yake atasema nini kingine? Na nyuma ya sauti yake nilisikia mlipuko. Nikasikiliza tena na tena, nikamwandikia: Masera, ule mlio ni nini? Akajibu ni fataki, wanasherehekea mtakatifu wa parokia. Nikamwuliza mtakatifu gani. (Ndiyo, nilimwuliza mtawa.)

Mama Dorika akachoka na mimi. Akaniambia: “Jumapili ndugu zangu watakuja na nitamujibu Odilia mbele yao. Kama hutaki niende, sema, nitabaki. Lakini sema ‘mie sitaki’. Usiseme Meksiko.”

Sasa mimi sikutaka kusema sitaki, maana mume anayesema sitaki anaonekana mbaya. Nilitaka ushahidi useme badala yangu. Nikajiuliza: huyu mwanamke anatembeaje? Anapita sokoni kama anapita jikoni kwake, huyu anamsalimia, yule anamwuliza mtoto, haangalii nyuma. Kama mtu anaweza kumfuata soko zima asishtuke, basi huko Puebla atadumu siku ngapi? Nikaamua kufanya jaribio. Uamuzi mdogo tu, niliufanya nikiwa nanyoa ndevu.

Nikamwendea Papa Asukulu, mfanyabiashara wa ziwani, Mubembe wa upande wa Baraka, ambaye mke wangu alikuwa hajamwona bado kwa sababu alikuwa mgeni mjini, amepanga stoo ya sabuni jirani na mahali ninapofundisha. Ni mzee wa kanisa la Kiprotestanti kwao, mtu mrefu, mwenye koti jeusi na kofia ya kitambaa ambayo sijui kama huivua kulala. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akakuna shingo.

“Profesa, nimufuate mama wa watu?”

“Kwa mbali tu.”

“Na akinisalimia?”

“Hatakusalimia. Hatakuona.”

“Kwetu,” akasema polepole, “mutu anafuata bibi ya mwingine kwa sababu moja tu.”

Nikamwambia hii ni sayansi. Akakubali kwa sauti ya mtu anayekubali kuchomwa sindano.

Jumamosi nikatangulia sokoni, nikajificha kwa muuza nguo za mitumba, katikati ya makoti ya baridi yanayoning'inia (nani ananunua makoti ya baridi Kalemie, sijui, lakini yapo), mkono wa koti moja ukiwa umenilalia puani. Mama Dorika akafika na kikapu. Papa Asukulu akafika nyuma yake, umbali niliompangia, mzuri kabisa. Mke wangu akanunua chumvi, akageuka. Na Papa Asukulu, aliyelelewa vizuri kuliko kazi niliyompa, macho yao yalipokutana akavua kofia.

Nikafunga macho. Nilipofungua, walikuwa kwenye mafuta ya mawese. Akageuka tena, kofia ikavuliwa tena.

Lakini angalia ujinga wa mwanaume: sikukata tamaa. Kwa sababu kuanzia hapo Mama Dorika aliacha kununua, akawa anaenda meza hadi meza, anainama kwa kila mama, ananong'ona kidogo, anacheka kidogo, anapita. Mimi ndani ya makoti nikafurahi. Nikasema, unaona, anapiga umbea, amemsahau yule mtu, ushahidi wangu huu hapa. Haikunijia kujiuliza alikuwa anawanong'oneza nini.

Akaingia kwenye safu ya ndagala, ambako njia ni nyembamba na pande zote kuna mabeseni. Papa Asukulu akaingia. Na nyuma yake Mama Kashindi, muuza ndagala mkongwe wa safu ile, akasukuma beseni lake katikati ya njia, akakaa juu ya kigoda chake hapo hapo, akachukua kopo lake la kupimia na kuligonga kwa kijiko. Mara moja, bila haraka. Kopo la jirani yake likaitikia, na la jirani wa jirani, mpaka safu nzima ikawa inalia bati, na ng'ambo ya soko wabeba mizigo wakaanza kushusha magunia na kuja. Sokoni kwetu wale mama hawapigi kelele za mwizi ovyo. Makopo ndiyo yanaita.

“Papa mwenye kofia,” Mama Kashindi akasema, “unatafuta nini?”

Papa Asukulu akavua kofia. “Samaki, mama.”

“Gani?”

“Ya... ya kukauka.”

“Umepita samaki yote ya soko, hukuuliza bei hata moja. Weye unanunua migongo ya wanawake?”

Watu wakacheka, na kwa dakika moja nilidhani itaishia kwenye kicheko. Lakini mtu mmoja nyuma akasema “mwizi wa watoto”, mwingine akasema “mupelelezi”, na mjini kwetu neno hilo halichezewi. Wengi wanaouza pale walikimbia vijiji vyao, wengine bado wanalala Katanika kwenye kambi, na wanajua mgeni anayetazama bila kununua huwa anatangulia nini. Kicheko kikakatika. Kofia ikatoweka. Nikaona mkono wa koti jeusi unachanika begani, nikaona mbeba mzigo mmoja ameinua jiwe.

Nilitakiwa kutoka mara hiyo hiyo. Nilibaki ndani ya yale makoti muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika, nikitafuta sentensi. Aliyeniokoa na sentensi ni Papa Asukulu, ambaye alisema kwa sauti ile ile ya kusoma Biblia: “Mumuulize Profesa. Iko mule ndani ya makoti.”

Soko likageuka. Muuza mitumba akafungua makoti kama pazia, akasema, “Mie nilifikiri ananunua.”

Nikatoka, kiango cha kutundikia koti kikiwa kimening'inia kwenye kola yangu. Mke wangu aliweka kikapu chini.

“Papa Dorika.”

“Ndiyo.”

“Weye njo ulimutuma?”

“Nilikuwa najaribu... Ni kwa ajili ya Meksiko.”

Mama Kashindi akauliza: “Meksiko njo mwanaume gani tena?”

Jiwe likawekwa chini, hilo ndilo la kushukuru. Wakamwachia Papa Asukulu, wakamkalisha, wakampa maji. Mimi hakuna aliyenigusa. Nilipita katikati yao nikisikia wanaume wanaambiana, taratibu, kwamba profesa anamchunga mke wake, na wanawake wanaambiana kwamba mume hachungi bure, lazima ameona kitu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kabla jua halijazama watu wengi walikuwa wakijiuliza Mama Dorika ana kosa gani, na safari yake ikawa imepata maelezo mengine kabisa.

Jumapili ndugu zake wakaja kutoka misa, wakiongozwa na Papa Kizito, mkubwa wao, fundi mbao, mtu wa Moba asiye na maneno mengi. Nikaleta bia. Hawakufungua. Ukweni kwetu bia isiyofunguliwa ni hotuba tosha.

“Shemeji,” Papa Kizito akasema, “bwana akimuwekea bibi mutu wa kumufuata, amemuita malaya mbele ya watu. Hata kama hakufungua mudomo.”

“Nilikuwa naogopea usalama wake.”

“Mie nilimuona ule papa tangu kwa chumvi,” mke wangu akasema, bila kuniangalia. “Kwa mafuta nilishawaambia wamama. Sasa huyo wa Meksiko atanifuata namna gani nisimuone?”

Wakakata faini: mbuzi, na aliwe kwao, si kwangu. Halafu jambo la pili, ambalo lilikuwa zito kuliko mbuzi: nitapita soko lile lile na mke wangu, njia ile ile, na kila meza niseme kwa mdomo wangu kwamba yeye hana kosa. Kisha Papa Kizito akauliza lililobaki. “Na kule Meksiko, ataenda ao hataenda?”

Nilikuwa na maonyo yote ndani ya simu, mfukoni, rangi na kila kitu. Nikaweka mkono mfukoni, na katika kutafuta neno la kwanza nikakutana na lile ambalo nilikuwa nalikwepa: tiketi ilikuwa moja, na haikuwa yangu. Mimi ninayefundisha watu habari za dunia sijawahi kuvuka mbali zaidi ya Kigoma. Nikatoa mkono mfukoni mtupu.

“Aende,” nikasema.

Kesho yake tukapita. Kwa chumvi nilisema kwa sauti ndogo, mama wa chumvi akasema hakusikia, nikarudia. Kwa mafuta walinipa kigoda, kwa sababu walitaka niseme nikiwa nimekaa, ili wanione vizuri. Kwa ndagala Mama Kashindi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa tangu jambo lianze.

“Lakini kule kuna salama ao hakuna?”

“Kuna mahali kuna salama na mahali hakuna, mama. Inatakiwa uwe na mwenyeji, uulize barabara kwanza, usitembee usiku.”

“Kama hapa.”

“Kama hapa.”

“Sasa ulikuwa unamutisha mama wa watu na nini?” Akamwekea mke wangu kopo la nyongeza kwenye kikapu. Mimi hakunitazama tena.

Papa Asukulu nilimpelekea kofia mpya. Akaijaribu, akasema inabana kidogo lakini itafaa. Akaomba kitu kimoja tu: “Profesa, ukiwa na sayansi ingine, tafuta Mukatoliki mwenzako.”

Mama Dorika akapanda ndege. Siku chache baadaye ikaja sauti yake kutoka Puebla, na kabla hajasema chochote nikasikia dada wawili wanacheka na kulia kwa pamoja, kwa muda mrefu, mpaka nikaondoka uani nikaenda kusikiliza chumbani. Kisha akasema: “Papa Dorika, nimefika. Masera muzee wa hapa aliniuliza kama kweli kwetu mutu anaweza kuishi, alisoma maonyo ya jimbo yetu ya Tanganyika akaniogopea. Nimemuambia asiogope, Kalemie watu wanachungana. Hatari ni bwana yangu.”

Nimeapa mbele ya mbuzi na mbele ya ukoo: sitamjaribu tena mtu anayejua kutembea, na ramani zenye rangi nitawaachia waliozichora. Jana ametuma picha ya jubilei, yeye na Odilia mbele ya mlango wa kanisa, wamependeza. Nyuma yao amesimama mwanaume mwenye miwani myeusi. Sijauliza ni nani, na sitauliza.

Yumo pia katika picha ya pili.