Ilikuwa Valentaini, Tiicha

Chepkurui hapendi kusifiwa, kwa hivyo nitamsifu leo hayuko. Ameenda harusi ya binamu yake kule Molo, na akirudi atapata nimeshasema. Atanuna kidogo, kisha atasahau.

Mimi naitwa Nyakio, mwalimu wa Kiswahili katika shule moja hapa Karagita, na nyumba yangu iko papa hapa, katikati ya wafanyakazi wa mashamba ya maua. Chepkurui alihamishiwa kwetu kutoka Subukia aje afundishe gredi ya sita hesabu. Ni mwanamke mrefu, mpole wa sauti, mkali wa macho. Alikodi nyumba Naivasha mjini, eti aliambiwa Karagita kuna vumbi. Vumbi liko, sikatai. Lakini huko kukaa mbali nusura kumponze, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka wake wa kwanza ulipita vizuri, au ndivyo tulivyodhani. Mwaka wa pili, muhula wa pili ulipofunguliwa, mwalimu mkuu wetu, Bwana Sitati, akaingia stafurumu, chumba chetu cha walimu, na ripoti ya mtihani wa taifa. Haikuwa na alama za jumla tu. Ilionyesha mada kwa mada watoto walivyofanya, wavulana mbali, wasichana mbali.

"Madam Chepkurui," akasema, "hesabu imetuangusha. Na wasichana ndio wametuvuta chini."

Mwalimu wa michezo akacheka. "Wasichana na hesabu, wapi na wapi?" Haki ya nani, nilitaka kummwagia chai. Mtu mwenyewe hujumlisha magoli kwa vidole.

Sitati hakucheka. Si mtu mbaya, ila akipata woga huongea kama polisi. "Nakupa mpaka ripoti ya mwakani," akamwambia Chepkurui. "Isipopanda, gredi ya sita nitampa mtu mwingine. Wewe utashuka gredi ya nne." Kwa mwalimu wa hesabu, hiyo ni kama kunyang'anywa mwiko jikoni kwako mwenyewe. Chepkurui akasema tu, "Nimesikia, mwalimu," akaichukua ile ripoti.

Wakati wa mapumziko akaja kuketi kando yangu. "Nyakio, hebu angalia hapa. Kwa pembe, wasichana wamewapita wavulana. Kwa vipimo, wamewapita. Ni kwa akisami peke yake wameanguka, na wameanguka vibaya."

Akisami ndizo zile nusu na robo na thuluthi, ambazo watoto huziita frakisheni.

"Sasa niambie," akaendelea, "mtu akiwa mjinga, ujinga wake unachagua mada?"

Yeye akaamua kuwapima watoto aliokuwa nao mwaka huo. Akawapa maswali machache ya pembe na machache ya akisami. Yakatokea yale yale. Wa kwanza kuanguka alikuwa Fancy, msichana ambaye kwa pembe hakuna wa kumgusa darasani.

Akamwita stafurumu. Nilikuwa pale, nakunywa chai yangu.

"Fancy, robo ukiongeza nusu, umeniandikia mbili juu ya sita. Umejumlisha juu, ukajumlisha chini. Wakati nilikuwa nafundisha hii kitu, wewe ulikuwa wapi?"

Mtoto akaangalia viatu vyake. "Ilikuwa Valentaini, tiicha."

Wee! Chepkurui alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Valentaini? Msichana mdogo hivi? Ni nani huyo anakupeleka Valentaini?"

Fancy akachanganyikiwa, machozi yakaanza kumlengalenga. "Ni mama, tiicha."

"Mama yako! Mama yako mwenyewe ndiye anakutafutia mpenzi?"

Chai ilinipalia. Nilikohoa, nikacheka, nikakohoa tena, Mungu anisamehe. Halafu nikaona uso wa yule mtoto na kicheko kikaisha. Nikamwambia, "Fancy, nenda unawe uso pale kwa tangi, utungoje." Alipotoka nikamgeukia Chepkurui. "Okota kiti ukae, dada. Hapa kwetu Valentaini si siku ya wapenzi. Ni msimu."

"Msimu wa nini?"

"Wa maua! Huko Ulaya wazungu wakipeana mawaridi, unafikiri yanatoka wapi? Krismasi ikiisha tu, kina mama wanaitwa ovataimu, hata Jumapili, mpaka hiyo sikukuu ipite. Mama anatoka kama bado ni giza, anarudi ni giza. Dekea anakomwacha mtoto haiwezi kumngoja mpaka saa hizo. Sasa mtoto mchanga atabaki na nani? Na msichana mkubwa, basi. Mvulana hata makamasi ya mtoto hajui kupangusa, eti ni mwanamume."

Nilimwona Chepkurui akihesabu kichwani. Akisami hufundishwa mwanzoni mwa mwaka.

"Lakini walinitumia ujumbe kwamba ni homa," akasema polepole. "Kila mama aliniambia homa."

"Ulitaka akuambie nini? Kwamba amemfungia mtoto na mtoto mwenzake ndani ya nyumba? Chifu angekuwa mlangoni kesho yake."

Akainuka, akatoka nje. Nilimfuata kwa macho dirishani. Fancy alikuwa bado pale kwa tangi, anajipangusa na sweta. Chepkurui akachuchumaa mbele yake, mrefu vile alivyo, magoti kwenye vumbi lile lile la Karagita.

"Fancy, nimekukosea," nilimsikia akisema. "Umenijibu ukweli, mimi nikakutusi. Nisamehe."

Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuona mwalimu akimwomba mtoto msamaha kwa sauti. Fancy mwenyewe hakujua la kufanya. Alisema, "Ni sawa, tiicha," kisha akamshika mkono amsaidie kuinuka. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Kutoka wiki hiyo, Chepkurui akaanza kufundisha akisami upya, saa ya chakula cha mchana. Lakini Fancy akaja siku ya kwanza, siku ya pili hakuonekana. Kumbe mchana alikuwa anakimbia nyumbani kumwangalia ndugu yake mdogo Jayden, maana jirani aliyekuwa akimshika alikuwa amechoka. Chepkurui akamwambia, "Basi njoo naye." Jayden akaja. Wengine waliposikia, wakaja na wa kwao.

Jameni, kelele! Sitati akatokea mlangoni. "Madam, hii ni shule. Si dekea."

Chepkurui alikuwa ubaoni na Jayden mgongoni, amemfunga kwa leso. Hakuacha hata kuandika. "Ni kweli, mwalimu. Lakini ulinipa mpaka ripoti ya mwakani. Niache niimalize kazi yangu."

Sitati akatazama watoto, akatazama ubao, akaenda zake. Siku moja Chepkurui alileta mandazi, akakata mojawapo vipande vinne awaonyeshe robo. Kabla amalize kueleza, Jayden alikuwa amekula robo tatu ya somo. Fancy akainua mkono: "Tiicha, imebaki robo moja, na hiyo pia haina maisha marefu." Darasa zima likaangua kicheko, na ndipo Chepkurui alipojua kwamba wameelewa.

Mtihani ukaja, ukafanywa. Mwaka mpya ulipoingia, Chepkurui alihama mjini akapanga Karagita, mlango wa tatu kutoka kwangu. Hakungoja kuletewa homa. Alipita kwa kina mama mmoja mmoja akiwaambia wasichana waje shule, na wale watoto wachanga waje nao. Hata Sitati alitoa chumba cha stoo wawekwe humo, akakifagia mwenyewe.

Ripoti ikaja. Siku ya mkutano wa wazazi Sitati akaisoma mbele ya wote. Wasichana walikuwa wamepanda kwa akisami, wamewafikia wavulana. "Madam Chepkurui haendi popote," akasema. "Gredi ya sita ni yake." Tukapiga makofi, na mimi nikapiga vigelegele ambavyo vilimfanya Chepkurui ajifiche nyuma ya mwalimu wa michezo.

Ndipo Mama Fancy aliposimama. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, bado na gambuti na apuroni. Tulidhani anataka kushukuru.

"Mimi nilisomea hapa hapa," akasema. "Mama yangu pia alikuwa wa maua. Hesabu ilinishinda kabisa. Mwalimu alikuwa ananiita kichwa maji mbele ya wengine, mpaka nikaacha shule, nikaenda kazi. Fancy alipoanza kuanguka, sikumkasirikia. Nilisema tu, maskini, ametoka kwangu."

Alikuwa anakunja apuroni na kuikunjua.

"Lakini sisi tulizaliwa sita, na mimi ndiye wa kwanza. Hao watano wote nimewabeba mimi, kila Valentaini ikifika." Akamtafuta Chepkurui kwa macho kati ya walimu, akampata. "Sasa nataka kuuliza, mwalimu. Inamaanisha mimi sikuwa mjinga?"

Chepkurui akatoka pale alipojificha, akapita katikati ya viti mpaka kwake, akamshika mikono yote miwili.

"Hukuwa mjinga, mama," akamwambia. "Hata kidogo."